Harvey Cushing na Saa ya Kisu

Kakangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 27. Katika miaka yake miwili ya mwisho kazini alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango, na kikombe kilichowekwa kando ya mkono wake hakikukosa kuanguka. Wanafunzi waliokaa pembeni mwa darasa waliinua mikono asiwaone, wakaanza kunong'onezana kwamba mwalimu ana upendeleo. Mwalimu mkuu naye alidhani ni kiburi cha uzee. Alibadilishiwa miwani mara tatu. Kila mara aliketishwa mbele ya chati ya herufi akazisoma barabara, maana herufi zilikuwa mbele yake, ilhali kilichokuwa kikifa ni pembeni. Hakuna aliyemwambia aikazie macho pua ya mpimaji huku kidole kikichezwachezwa kando. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji chombo chochote.

Alipopatikana daktari aliyekifanya, nusu za nje za macho yote mawili zilikuwa zimekwisha kuzimika. Kulikuwa na uvimbe wa tezi ya pituitari. Alipasuliwa akapona. Jicho la kushoto lilirudi kiasi cha kumwezesha kusoma gazeti. La kulia halikurudi. Nilimwuliza mpasuaji iwapo mambo yangalikuwa vingine lau tungalifika mwaka mmoja mapema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yamkini.

Tangu siku hiyo, mimi ambaye taaluma yangu ni isimu wala si utabibu, nimekuwa nikisoma kila nilichoweza kupata kuhusu mtu aliyeufundisha ulimwengu kuufikia uvimbe wa namna ile bila ya kumwua mgonjwa. Jina lake ni Harvey Williams Cushing, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1869 na kufariki mwaka 1939. Wanafunzi wa biolojia hulijua jina hilo kwa sababu ya ugonjwa wa Cushing, ule unaoujaza uso na kuukondesha mkono na mguu. Mimi nalifuatia kwa sababu nyingine. Nataka kujua aliamuaje wakati.

Alizaliwa Cleveland, katika jimbo la Ohio, kitindamimba wa watoto 10. Baba yake alikuwa daktari, babu yake daktari, na baba wa babu yake daktari vilevile. Alisoma Yale, ambako pamoja na masomo alicheza besiboli kwa bidii, akahitimu mwaka 1891. Kisha akaenda Harvard kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1895.

Jambo moja la siku zake za uanafunzi linastahili kusimuliwa kwa kituo. Enzi hizo kazi ya kumpa mgonjwa nusukaputi iliachiwa wanafunzi. Mgonjwa alivutishwa etha, na kijana asiyejua mengi alikisia tu kama amelala vya kutosha au amepitiliza. Siku moja mgonjwa aliyekuwa mikononi mwa Cushing alikufa hata kabla ya upasuaji kuendelea. Cushing alifadhaika, akafikiria kuacha udaktari kabisa. Hakuacha. Yeye na mwenzake Ernest Amory Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi, dakika baada ya dakika, mapigo ya moyo na pumzi za kila mgonjwa aliyelazwa kwa etha, wakashindana nani angemlaza mgonjwa kwa salama zaidi. Karatasi zile, za miaka ya 1894 na 1895, ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za nusukaputi. Kila ukiona leo mtaalamu akiandika mapigo ya moyo ya mtu aliye usingizini mezani, jua kwamba nyuma yake kuna mwanafunzi aliyejuta.

Nayaeleza haya kwa sababu tabia hii haikumwondoka maisha. Alilolikosea alilihesabu, na alilolihesabu alilichapisha.

Mwaka 1896 alijiunga na Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, chini ya William Halsted, mpasuaji aliyewafundisha wenziwe kukata taratibu, kuzuia damu na kutoichezea nyama ya mtu. Wapasuaji wa zama zile walisifiwa kwa kasi. Halsted alisifiwa kwa upole wa mkono. Hapo pia Cushing alimpata William Osler, tabibu mashuhuri aliyekuwa kwake kama baba wa pili. Baada ya miaka mingi Cushing aliandika maisha ya Osler katika majuzuu mawili yaliyotoka mwaka 1925, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926. Sisi tunaojifanya wenyewe wa kalamu tuone haya: mpasuaji aliyeshinda kutwa akiwa na kisu mkononi aliandika usiku, akatushinda.

Katika miaka ya 1900 na 1901 alizunguka Ulaya. Mjini Bern, kwa Theodor Kocher, alichunguza kinachotokea shinikizo linapozidi ndani ya fuvu, akathibitisha kwamba shinikizo la damu hupanda huku mapigo ya moyo yakipungua. Nchini Italia, mjini Pavia, alikiona chombo cha Riva-Rocci cha kupimia shinikizo la damu kwa kufunga mkanda mkononi, akakichora na kurudi nacho Marekani. Huko Uingereza alifanya kazi Liverpool na Charles Sherrington, na katika maabara hiyo alikutana na kijana kutoka Vienna aitwaye Alfred Fröhlich.

Kukutana huku kuna kinaya chake. Mnamo mwaka huohuo wa 1901 Fröhlich alichapisha habari za mtoto aliyekuwa mnene kupita kiasi, asiyebaleghe, mwenye kuumwa kichwa na kupofuka taratibu, naye akahusisha dalili hizo na uvimbe wa pituitari. Cushing aliporejea Baltimore aliletewa msichana wa hali iyo hiyo: mnene, hajavunja ungo, kichwa kinamwuma, macho yanafifia. Hakulitambua lile. Alimfungua fuvu zaidi ya mara moja akitafuta uvimbe mahali ambapo haukuwapo. Msichana alifariki mwaka 1902. Maiti ilipochunguzwa, uvimbe ulikuwa papale penye pituitari.

Wangapi wetu wangalilifukia jambo hilo? Cushing alilichapisha. Aliurejea mkasa wa msichana yule katika maandishi yake kwa miaka mingi, na wanaoyafuatilia maisha yake hukubaliana kwamba hapo ndipo tezi ile ndogo ilipomshika asiweze kubanduka.

Hapa naomba ruhusa ya mtu wa isimu nicheze kidogo na maneno, kwa maana maneno yenyewe yamebeba historia. Pituitari inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamasi. Wahenga wa tiba, tangu Galen hadi Vesalius, waliamini kwamba tezi hii huchuja uchafu wa ubongo na kuuteremsha puani. Walikosea kabisa. Tezi hii, isiyozidi punje ya njegere kwa ukubwa, huamrisha tezi nyingine za mwili: ukuaji, uzazi, maziwa ya mama, jinsi mwili unavyokabili dhiki. Inakaa ndani ya kishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu, kishimo ambacho wanaanatomia walikipa jina la tandiko la Kituruki kwa umbo lake. Juu yake, milimita chache tu, neva mbili za macho zinakutana na kupishana. Makutano hayo huitwa kiasma, kwa kufananishwa na herufi ya Kigiriki yenye umbo la msalaba uliolala kama X. Nyuzi zinazotoka nusu ya ndani ya kila jicho, ile ya upande wa pua, huvuka hapo kwenda upande wa pili, na ndizo zinazoleta picha za vitu vilivyo pembeni. Uvimbe ukipanda kutoka chini hugusa kwanza nyuzi hizo zinazovuka. Aghalabu pembe za juu za nje ndizo hutangulia kufifia, kisha nusu zote za nje. Mtu hubaki kama anayechungulia kupitia ufa wa mlango, na kwa kuwa katikati bado ni kweupe, hajui kwamba anapofuka.

Na wahenga, katika kosa lao la kamasi, walikuwa wameielekeza njia. Ukipenya puani hadi nyuma kabisa, ukapita katika uwazi wa mfupa ulio mbele ya tandiko lile, unaifikia pituitari kutoka chini bila ya kuugusa ubongo.

Wa kwanza kuifuata njia hiyo kwa mgonjwa aliye hai alikuwa Hermann Schloffer, mjini Innsbruck, mwaka 1907. Cushing alifuata Machi 1909, akimpasua mkulima wa South Dakota aliyekuwa na akromegali, yaani mikono, miguu na taya vilivyokua kupita kiasi kwa wingi wa homoni ya ukuaji. Mgonjwa alinusurika na dalili zake zikapungua. Mwaka 1912 Cushing alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu pituitari na maradhi yake, na ndani yake mlikuwamo habari za mwanamke wa miaka 23 mwenye dalili ambazo, baada ya miaka 20 ya kutafakari, alizieleza kikamilifu katika makala ya mwaka 1932. Huo ndio ugonjwa unaoitwa kwa jina lake.

Mwanzoni, akromegali na homoni ndizo zilizompeleka kwenye tezi hiyo. Lakini kadiri wagonjwa walivyozidi, hasa baada ya kuhamia Boston kuongoza upasuaji katika Hospitali ya Peter Bent Brigham iliyofunguliwa mwaka 1913, macho yakawa ndiyo hoja kuu. Wengi walioletwa walikuwa na uvimbe usiotoa homoni yoyote ya ziada. Uvimbe wa namna hiyo hauna kelele. Haumnenepeshi mtu wala haumrefushi. Unapanda tu kimyakimya mpaka uguse neva. Walifika kwa Cushing wamezunguka kwa watu wa miwani na wa meno na wa vichwa, kitako cha neva ya jicho kikiwa kimekwisha kupauka. Nikisoma habari zao namwona kakangu.

Cushing alifanya lile aliloliweza siku zote: alipima. Pamoja na Clifford Walker alichora ramani za uga wa kuona wa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, kabla ya kisu na baada ya kisu, na walizitoa katika mfululizo wa makala. Ramani hizo zilionyesha jambo ambalo kwetu leo laonekana dogo. Neva iliyobanwa haifi papo hapo. Kwanza hunyamaza. Ujumbe haupiti, lakini uzi wenyewe ungali hai, na mzigo ukiondolewa huanza kusema tena, pengine baada ya saa chache, pengine baada ya siku au miezi. Ikibanwa kwa muda mrefu nyuzi hukauka, na hapo hata mpasuaji hodari duniani hana la kurudisha. Kati ya kunyamaza na kukauka kuna muda, na muda huo hauna alama.

Basi tatizo la Cushing lilikuwa hili. Katika kizazi kilichomtangulia, kufungua kichwa cha mtu mwenye uvimbe kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo. Waliokufa walikuwa wengi mno. Mpasuaji wa wakati huo aliyesema tungoje hakuwa mwoga, alikuwa mwenye akili. Kama kisu kinaua, subiri mpaka mtu awe hana cha kupoteza. Ila mtu asiye na cha kupoteza ndiye huyo ambaye neva zake zimekauka, na kumpasua hakumfaidii macho. Ili kuupeleka mbele wakati wa kisu ilibidi kwanza kisu chenyewe kiwe salama. Naona, kwa mtazamo wangu, kwamba hapa ndipo kazi zake zote zilizotawanyika zinapokutana: karatasi za etha, mkanda wa shinikizo la damu, vibanio vidogo vya fedha alivyovibuni kufungia mishipa ndani ya fuvu, na kisu cha umeme alichoanza kukitumia mwaka 1926 kwa msaada wa William Bovie. Kila kimoja kilimnunulia mgonjwa miezi kadhaa ya kupasuliwa mapema.

Kati ya mwaka 1910 na 1925 aliwapasua watu 231 wenye uvimbe wa pituitari kwa njia ya pua, na waliokufa walikuwa asilimia 5.6. Msomaji akumbuke hapakuwa na antibiotiki wala kotisoli ya kumpa mtu ambaye tezi yake imeondolewa. Hapakuwa na picha za kuonyesha uvimbe wenyewe ila eksirei ya mfupa uliomomonyoka. Alifanya kazi chini ya shimo refu jembamba, akimulikiwa na taa iliyofungwa kichwani.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, akaiacha njia hiyo. Wengi wamelishangaa jambo hili na wengine wamelihesabu kuwa kosa kubwa, kwani heshima yake ilikuwa kubwa hivi kwamba alipogeuka, takriban wapasuaji wote waligeuka pamoja naye. Mimi siafiki kwamba alikosea. Aliziangalia hesabu zake. Upasuaji wa kupitia mbele ya fuvu ulikuwa umekuwa salama mikononi mwake, tena kwa juu aliiona neva mwenyewe, akaiondolea mzigo kwa macho yake badala ya kukisia kutoka chini. Uga wa kuona ulirudi vizuri zaidi, na uvimbe uliorudi tena ulipungua. W. R. Henderson alipozichambua kumbukumbu za wagonjwa wake 338 wenye uvimbe huo, katika makala ya mwaka 1939, hoja hiyo ilionekana waziwazi. Kwa vyombo vya wakati wake, Cushing aliyafuata macho ya wagonjwa yalikompeleka, hata kama ilimaanisha kuiacha njia iliyomjengea sifa.

Njia ya pua haikufa. Ilihifadhiwa kama riwaya inavyohifadhiwa na wazee wachache. Norman Dott, Mskoti, alikuwa amejifunza kwa Cushing mjini Boston katika miaka ya 1920, akaenda nayo Edinburgh na kuendelea nayo wenzake walipoiacha. Gerard Guiot akaiona kwa Dott mwaka 1956, akaipeleka Paris. Jules Hardy wa Montreal akajifunza kwa Guiot, na katika miaka ya 1960 akaiongezea hadubini ya upasuaji. Lile shimo la giza likapata nuru na ukuzaji, na udhaifu uliomfanya Cushing aiache ukaondoka. Tangu miaka ya 1990 wengi wameongeza endoskopu, na leo uvimbe mwingi wa pituitari huondolewa kwa njia ya pua. Kakangu alipasuliwa kwa njia hiyo. Hakuwa na kovu usoni hata moja. Tunaofundisha fasihi simulizi tunaijua silsila ya namna hii. Mtu mmoja akikatika katikati, habari hupotea.

Na wakati je? Usalama umeusogeza mbele, lakini haukuufanya uwe mmoja kwa wote. Uvimbe unaodidimiza uga wa kuona hupasuliwa bila kungoja upofu ukamilike, na matumaini ni makubwa zaidi kwa aliyekaa muda mfupi na ambaye neva yake haijapauka. Siku hizi kuna mashine inayopima unene wa utando wa nyuzi za neva nyuma ya jicho, hata daktari akaweza kubashiri ni kiasi gani kitarudi. Pana uvimbe unaovuja damu ghafla ndani yake: kichwa kinapasuka kwa maumivu, mtu anatapika, macho yanazima kwa saa chache. Huyo ni wa dharura. Hupewa kwanza kotisoli, kwa kuwa tezi iliyojeruhiwa huenda isiitoe na mtu akafa kwa ukosefu wake, na kama macho yameathirika vibaya hupasuliwa ndani ya siku chache. Kuna na wale ambao hawafai kukimbizwa mezani hata kama wanapofuka. Uvimbe unaotoa prolaktini, homoni ya maziwa, mara nyingi husinyaa kwa vidonge kama vile kabegolini, na macho hurudi bila kisu. Ndiyo maana kipimo cha damu hutangulia. Na uvimbe mdogo usiogusa kiasma, uliogunduliwa kwa bahati tu mtu alipopigwa picha kwa sababu nyingine, aghalabu huachwa ukatazamwa mwaka hadi mwaka.

Kwa wenzangu walimu niongeze neno la kimatendo. Kaa mbele ya mtu umbali wa mkono mmoja. Afunike jicho moja, atazame pua yako bila kuyumba, nawe uchezeshe kidole kutoka pembeni, juu na chini, ukimwuliza anakiona lini. Rudia jicho la pili. Asipokiona upande wa nje kwa macho yote mawili, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Mtoto anayeruka maneno ya mwisho wa mstari si lazima awe mvivu.

Nirudi kwa Cushing, nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu mgumu. Wasaidizi wake walimwogopa; aliwakemea mbele ya watu na alidai wajitoe kama alivyojitoa. Ugomvi wake na Walter Dandy, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa na kipaji cha kutisha, ulidumu miaka na hauwapi heshima wote wawili. Mkewe, Katharine, aliyemwoa mwaka 1902, aliwalea watoto wao 5 karibu peke yake. Asubuhi moja ya Juni 1926 simu ilimfikia kumweleza kwamba mwanawe mkubwa, William, mwanafunzi wa Yale, amekufa katika ajali ya gari. Cushing alimpasha habari mkewe, kisha akaingia chumba cha upasuaji, akamfanyia mgonjwa aliyekuwa akimngoja siku ile. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijaweza kuamua kama ni ushujaa au ni ugonjwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Ufaransa. Alikuwako Paris kwa muda mwaka 1915, kisha mwaka 1917 akarudi na jeshi, akapasua vichwa vilivyopigwa mabomu nyuma ya uwanja wa mapigano wa Passchendaele, akitumia hata sumaku kuvuta vipande vya chuma ubongoni. Wakati wa vita hivyo alifika alipoletwa mwana pekee wa Osler akiwa na majeraha yaliyomwua. Mwaka 1918 aliugua mwenyewe, miguu ikafa ganzi, wala haikupona kabisa tangu hapo.

Hata yeye hakuishinda saa. Jenerali Leonard Wood, aliyekuwa mmoja wa majemadari wakuu wa Marekani, alipasuliwa naye mwaka 1910 akaondolewa uvimbe uliokuwa ukiukandamiza ubongo wake. Alirudi kazini, akakaribia kuteuliwa kugombea urais mwaka 1920, kisha akawa gavana mkuu wa Ufilipino. Uvimbe ulikua upya. Aliporudi kwa Cushing mwaka 1927 ulikuwa mkubwa, naye amedhoofu. Alifariki muda mfupi baada ya upasuaji, na Cushing alivunjika moyo kama siku ile ya etha.

Mwezi wa Aprili 1931 alifanya upasuaji wake wa 2,000 wa mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Mwaka uliofuata aliiacha Brigham, akarudi Yale alikoanzia. Huko alifundisha, akavikusanya vitabu vya kale hasa vya Vesalius, yuleyule wa kamasi, na akausia maktaba yake iende Yale. Rekodi za wagonjwa wake, pamoja na sampuli za ubongo na maelfu ya picha za vioo zilizotunzwa kwa miaka mingi na Louise Eisenhardt, zilikuja zikasahauliwa katika vyumba vya chini vya chuo hicho, hadi zikaandaliwa maonyesho ya kudumu yaliyofunguliwa mwaka 2010. Katika picha hizo wamo watu waliofika mapema na waliofika wamechelewa, wote wakitazama mbele.

Cushing alifariki mjini New Haven tarehe 7 Oktoba 1939 kwa maradhi ya moyo. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Maiti yake ilipochunguzwa, ndani ya ubongo, katika ventrikali ya tatu, ulikutwa uvimbe mdogo wenye ute, wa upana wa kama sentimita moja. Haukuwa umemdhuru, na hakuna aliyekuwa ameugusa.